Zawadi za mashindano ya programu: kwa nini nyingine hazimfikii mshindi

Kushinda ni jambo moja, kupokea ni jambo lingine. Vijana wanaoandika programu za kompyuta (ordinatere, kama wengi wanavyosema hapa kwetu) wanalijua jambo hilo vizuri. Mtu anakesha siku tatu kwenye shindano la intaneti, umeme unakatika, anahamia kwa jirani mwenye jenereta, ananunua megabaiti kwa pesa ya mfukoni, na mwishoni jina lake linatokea kwenye orodha ya washindi. Kiisha anangoja. Mwezi unapita, miezi sita inapita, na zawadi haionekani. Akiandika barua pepe, anajibiwa «tunashughulikia», ama hajibiwi kabisa.

Wengine wanaona ni wizi, wengine wanaona ni bahati mbaya. Kwa kweli sababu ni nyingi na hazifanani. Makala hii inaeleza mashindano haya yanavyofanya kazi, mahali zawadi inapokwama, mifano inayojulikana duniani, na mambo ambayo kijana wa Congo anaweza kuangalia kabla ya kutoa usiku wake.

MASHINDANO HAYA NI YA NAMNA GANI?

Yapo ya aina nne, na kila moja ina namna yake ya kulipa.

Ya kwanza ni mashindano ya haraka. Washiriki wanapewa maswali ya hesabu na mantiki, na kila mmoja anaandika programu ya kuyajibu ndani ya saa mbili ama tatu. Topcoder ilianza Marekani mwaka 2001. Codeforces ilianzishwa na Mike Mirzayanov katika mji wa Saratov, Urusi, na shindano lake la kwanza lilifanyika mwaka 2010. Google nayo ilikuwa na Code Jam kuanzia 2003 hadi 2023, ilipofunga mashindano yake yote ya aina hiyo. Zawadi kubwa zinakwenda kwa wachache wa juu kabisa. Wanaofuata wanapata tisheti, na tisheti hiyo ina heshima kubwa kuliko bei yake sokoni.

Ya pili ni mashindano ya data, kama yale ya jukwaa la Kaggle. Kampuni inaweka data na swali, washiriki wanafanya kazi wiki nyingi, na aliyekaribia jibu zaidi anapewa pesa. Hapa dola zinaweza kufika maelfu, hata laki.

Ya tatu ni hakatoni: watu wanakusanyika siku moja, mbili ama tatu, wanatengeneza programu mpya kutoka mwanzo, na waamuzi wanachagua.

Ya nne si shindano kamili, lakini inafanana nayo: kampuni inaahidi kumlipa mtu yeyote atakayeonyesha kasoro ya usalama kwenye programu zake. Anayewahi ndiye anayelipwa.

Katika zote nne, mshiriki anafanya kazi kwanza na kulipwa baadaye, tena na mtu asiyemwona. Mtoa zawadi anashika pesa, anaandika kanuni, anachagua waamuzi, na mara nyingi yeye ndiye anayesikiliza malalamiko. Mshiriki ana kazi yake tu. Ndiyo maana zawadi isipofika, mshindi anakuwa mdogo sana mbele ya aliyeahidi.

SHINDANO LINAPOFUNGWA NJIANI

Mfano wa kwanza unatoka kwa watu wa hesabu za siri. Kampuni ya Marekani RSA ilianzisha shindano mwaka 1991. Iliandika namba kubwa sana, kila moja ikiwa ni zao la namba tasa mbili, na kuuliza: nani atazipata hizo mbili? Swali hilo si mchezo. Ugumu wake ndio uliokuwa ukilinda ujumbe wa siri na malipo mengi kwenye intaneti, na kampuni ilitaka kujua namba ya ukubwa gani ingali salama.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Namba iitwayo RSA-576, yenye tarakimu 174, ilivunjwa mwaka 2003, na zawadi yake ilikuwa dola 10,000. RSA-640 ilivunjwa mwaka 2005, zawadi dola 20,000. Mbele zilibaki RSA-704 kwa dola 30,000, RSA-768 kwa dola 50,000, na nyingine hadi RSA-2048 kwa dola 200,000.

Mwaka 2007 kampuni ilifunga shindano na kuondoa zawadi zilizobaki. Lakini watafiti hawakuacha. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2009 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, likiongozwa na Thorsten Kleinjung, lilivunja RSA-768 yenye tarakimu 232. Hatua moja tu ya kazi hiyo ilikula karibu miaka miwili kwa mamia ya kompyuta. Mwaka 2012 watafiti wengine walivunja RSA-704. Kwa namba hizo mbili zawadi za dola 80,000 zilikuwa zimetangazwa hapo mbele. Hakuna aliyezipokea, kwa sababu hazikuwepo tena.

Je, RSA ilikosea? Kwa sheria, shindano lilifungwa kabla ya jibu kupatikana. Lakini mfano huu unaonyesha hatari ya kwanza: mtu anaweza kuwa katikati ya kazi ya miaka na mlango ukafungwa. Shindano la muda mrefu lisilo na tarehe ya mwisho iliyoandikwa linaweza kukatwa siku yoyote.

«KANUNI ILIVUNJWA»

Sababu ya pili ndiyo inayoleta ugomvi mwingi. Kazi imefanyika, jibu ni zuri, lakini mwenye shindano anasema mshindi alivunja kanuni.

Mwezi wa nane mwaka 2013, Khalil Shreateh, Mpalestina mjuzi wa kompyuta, aligundua kasoro ndani ya Facebook. Mtu aliweza kuandika kwenye ukurasa wa mwingine hata kama si rafiki yake. Akaitaarifu kampuni kupitia njia iliyowekwa, na akajibiwa kwamba hiyo si kasoro. Basi akaitumia kasoro hiyo hiyo kuandika kwenye ukurasa wa Mark Zuckerberg mwenyewe. Hapo wakamsikia mara moja, na kasoro ikarekebishwa.

Facebook ilikuwa imeahidi angalau dola 500 kwa kasoro ya usalama, lakini ilikataa kumlipa. Sababu iliyotolewa: alijaribu kasoro kwenye kurasa za watu halisi bila ruhusa yao, na kanuni zinakataza. Kampuni ilikubali pia kwamba ilipaswa kumuuliza maelezo zaidi mapema. Wataalamu wengine walikasirika. Marc Maiffret, Mmarekani wa kazi hiyo hiyo, alianzisha mchango kwenye intaneti, na zaidi ya dola 10,000 zikapatikana kwa ajili ya Shreateh. Hivyo aliyeahidi hakulipa, na wasioahidi ndio waliolipa.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2020. Facebook na washirika wake waliandaa kwenye Kaggle shindano la kutambua video za uongo, zile ambazo sura ya mtu inabandikwa juu ya mwili wa mwingine. Zawadi zote pamoja zilikuwa dola milioni moja, na ya kwanza dola 500,000. Timu iliyojiita All Faces Are Real ilionekana juu kabisa ya orodha. Lakini kabla ya matokeo ya mwisho iliondolewa kwenye nafasi hiyo. Ilikuwa imetumia video za nje, za YouTube, ambazo leseni yake iliruhusu kutumiwa hata kwa biashara. Waandaaji wakataka zaidi ya leseni: ithibati ya ruhusa ya watu wanaoonekana ndani ya video. Timu haikuweza kuileta, ikashushwa hadi nafasi ya saba. Dola laki tano zikaenda kwa aliyefuata.

Kosa lao halikuwa wizi wala uongo. Lilikuwa ni namna ya kusoma sentensi moja ya kanuni, na anayeamua sentensi ina maana gani ni yule yule anayelipa.

ZAWADI INAPOPEWA ASIYESTAHILI

Hapa zawadi inatoka, lakini inakwenda kwa mwingine.

Mwaka 2019 jukwaa la Malaysia liitwalo PetFinder.my, linalotafutia mbwa na paka watu wa kuwalea, liliandaa shindano kwenye Kaggle. Washiriki walitakiwa kukisia mnyama yupi atachukuliwa haraka. Timu iliyopata nafasi ya kwanza ilipewa dola 10,000. Miezi mingi baadaye, mshiriki mmoja aliyekuwa akisaidia kuiweka programu hiyo kazini aliona kitu cha ajabu ndani yake. Timu ilikuwa imepata majibu ya kweli kutoka kwenye intaneti na kuyaficha ndani ya programu. Mwezi wa kwanza 2020 Kaggle ilitangaza udanganyifu huo, ikaivua timu ushindi, na orodha ikapangwa upya.

Fikiria hali ya waliofuata. Walishinda kwa haki na wakakaa miezi bila kujua. Pia wanyama waliotarajiwa kusaidiwa na kazi hiyo walipoteza muda.

Mfano wa pili ni hakatoni ya Salesforce mjini San Francisco, mwezi wa kumi na moja 2013. Zawadi ya kwanza ilikuwa dola milioni moja. Timu iitwayo Upshot ilipotangazwa, washiriki wengine walilalamika. Mmoja wa timu alikuwa amewahi kufanya kazi Salesforce, tena ilisemekana sehemu ya programu ilionyeshwa kabla ya hakatoni kuanza. Wengine waliuliza kama programu zao zilifunguliwa hata mara moja na waamuzi. Kampuni ilichunguza, kisha ikaamua kutoa dola milioni nyingine kwa timu iliyofuata, Healthcare.love.

Malalamiko yale yalisaidia sababu mbili. Washiriki walikuwa wengi na walisema kwa sauti moja. Pia waliweka vielelezo mbele ya watu: tarehe, kumbukumbu za seva, maandishi ya kanuni. Mtu mmoja anayelia peke yake hasikilizwi upesi.

TISHETI YA YAHOO

Mara nyingine zawadi inafika, lakini inaudhi kuliko kama isingefika.

Mwezi wa tisa mwaka 2013 kampuni ya usalama High-Tech Bridge ya Geneva, Uswisi, iliionyesha Yahoo kasoro zilizoweza kumruhusu mwizi kuingia kwenye akaunti za barua pepe. Malipo yake yalikuwa dola 12.50 kwa kila kasoro. Tena si pesa mkononi, ni punguzo la kununulia vitu kwenye duka la Yahoo lenyewe: tisheti, vikombe, kalamu.

Habari ilienea duniani. Ramses Martinez, mkuu mmoja wa usalama wa Yahoo, akaandika kueleza. Kumbe kampuni haikuwa na mpango rasmi wa zawadi. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa akituma tisheti kama aksanti, tena kwa pesa yake ya mfukoni. Baada ya kelele zile Yahoo ilitangaza mpango mpya wa kulipa dola 150 hadi 15,000.

Habari hii inafundisha kwamba nyuma ya zawadi ndogo ama inayochelewa, wakati mwingine hakuna adui. Kuna mfanyakazi mmoja anayefanya kazi hiyo pembeni, bila bajeti, bila mtu wa kumsaidia kutuma. Akiacha kazi ama akihamishwa, orodha ya washindi inabaki ndani ya kompyuta yake. Hata kampuni nzima inaweza kubadilisha mwenyewe: Topcoder ilichukuliwa na Appirio mwaka 2013, na Appirio ikanunuliwa na Wipro ya India mwaka 2016. Wenye biashara wapya wanapoingia, ahadi ndogo za zamani ndizo za kwanza kusahauliwa kama hazikuandikwa.

TISHETI NYINGI MNO

Kutuma nguo moja kwa mtu mmoja ni rahisi. Kutuma elfu hamsini ni vita.

Kampuni ya DigitalOcean ilianzisha Hacktoberfest mwaka 2014. Mpango wenyewe: mwezi wa kumi mzima, watu wasaidie kurekebisha programu za wazi ambazo kila mtu anaweza kuzitumia bure, na atakayefikisha idadi fulani apewe tisheti. Mwaka 2020 tisheti ziliahidiwa kwa watu 70,000 wa kwanza, na aliyetaka aliweza kuchagua mti upandwe badala ya nguo. Watu wakakimbilia. Wengi hawakuleta msaada wowote: walibadilisha neno moja kwenye maelezo ya programu na kudai wamechangia. Wanaotunza programu hizo, wengi wao watu wa kujitolea, wakafurikwa na takataka hadi wakalalamika hadharani. Siku chache tu baada ya mwezi kuanza, waandaaji walibadilisha kanuni: programu itahesabiwa tu kama wenyewe wamekubali kuingia.

Mwaka 2023 DigitalOcean iliacha kutuma tisheti na kutoa alama za kidijitali. Alama haikwami posta, hailipiwi ushuru, na haina saizi. Lakini pia haivaliwi, na kwa kijana ambaye tisheti ndiyo ingekuwa ushahidi wake mbele ya wazazi wanaouliza «unafanya nini usiku kucha?», si kitu kimoja.

Codeforces yenyewe ina desturi nzuri upande wa haki. Katika mashindano mengi tisheti zinakwenda kwa wa juu kabisa na kwa wengine wachache wanaochaguliwa kwa kura ya bahati. Programu inayopiga kura hiyo inawekwa wazi, ili kila mtu aiendeshe mwenyewe na kuona majina yale yale. Hakuna anayeweza kusema jina lilipachikwa.

SAFARI YA ZAWADI MPAKA CONGO

Hata pale mtoa zawadi ana moyo mzuri, njia ya kuja kwetu ina mashimo.

Shimo la kwanza ni anwani. Fomu za washindi zinadai jina la barabara, namba ya nyumba na namba ya posta. Katika mitaa mingi ya miji yetu nyumba inajulikana kwa alama: nyuma ya kanisa, mbele ya depo ya bia, karibu na mti mkubwa. Fomu ya kompyuta haijui mti mkubwa. Mshindi anajaza sufuri ili iendelee mbele, na kifurushi kinatumwa kwenye anwani isiyokuwepo.

Shimo la pili ni duane. Mtumaji asipolipa ushuru wote mwanzoni, mpokeaji ndiye anayedaiwa. Kuna mtu anayekuta tisheti ya bure inadaiwa pesa kuliko tisheti tatu za sokoni. Akiiacha, inarudishwa ama inabaki huko, na kwa mtumaji inaandikwa kwamba «mpokeaji hakuja».

Shimo la tatu ni pesa yenyewe. Watoa zawadi wengi wanalipa kwa PayPal, Payoneer ama benki. Katika nchi kadhaa za Afrika akaunti ya PayPal inaweza kulipa lakini haiwezi kupokea. Airtel Money, M-Pesa na Orange Money zinazotumiwa na kila mama wa soko hapa kwetu hazimo kwenye fomu zao.

Shimo la nne ni karatasi. Kampuni ya Marekani inamdai mshindi mgeni ajaze fomu ya kodi iitwayo W-8BEN. Kwa aina fulani za malipo yanayotoka Marekani, sheria yao inataka asilimia 30 ikatwe, isipokuwa nchi ya mpokeaji ina mkataba wa kodi nao. Congo haina mkataba huo. Pia wanaomba kitambulisho. Wakongomani wengi wana kadi ya mpiga kura tu, na mashine ya kukagua vitambulisho huko ng'ambo mara nyingine inaikataa na kutaka paspoti.

Shimo la tano ni siasa na vita. Kwa miaka mingi kanuni za mashindano ya Marekani zimewafungia nje wakaaji wa nchi zilizo chini ya vikwazo, kama Cuba, Iran na Korea Kaskazini. Mwezi wa tatu 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Visa na Mastercard zilisimamisha kazi zao Urusi, na kampuni kubwa za vifurushi zikaacha kupeleka huko. Watengeneza programu wa Urusi, ambao ni wengi na hodari katika mashindano haya, wakajikuta wametengwa na malipo kutoka nje. Hapa kwetu, M23 ilipouteka mji wa Goma mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Mtu aliyekuwa na pesa yake halali benki alishindwa kuitoa. Kifurushi kutoka ng'ambo kingepita wapi?

SHERIA INASEMA NINI?

Ahadi ni deni, wazee wanasema, na sheria haiko mbali na neno hilo. Dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mikataba katika Congo, inasema kwenye kifungu chake cha 33 kwamba makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliokubaliana, na yanapaswa kutimizwa kwa nia njema. Mwaka 2023, tarehe 13 mwezi wa tatu, nchi ilipata Kanuni ya Kidijitali, inayohusu pia maandishi na saini za kielektroniki. Kwa hiyo mshindi wa shindano lililoandaliwa hapa nchini, na kampuni ama shirika lenye ofisi hapa, ana pa kuanzia: barua rasmi kwanza, wakili ama mahakama baadaye.

Kwa shindano la ng'ambo mambo ni mengine. Kanuni zake kwa kawaida zinasema ugomvi wowote utaamuliwa na mahakama za huko, tena mara nyingi zinaongeza kwamba mwandaaji anaweza kubadilisha ama kufuta shindano akiona sababu. Hakuna wa kwenda California kudai dola mia mbili. Silaha inayobaki ni sifa. Kampuni inayoandaa mashindano inatafuta jina zuri kwa watengeneza programu, na inaogopa kulipoteza. Ndivyo ilivyokuwa kwa Yahoo na kwa Salesforce.

CHEKI YA KNUTH

Si kila ahadi ndogo inavunjika. Donald Knuth, profesa wa Marekani na mwandishi wa vitabu vya msingi vya sayansi ya kompyuta, kwa miaka mingi alimlipa kila mtu aliyemwonyesha kosa ndani ya vitabu vyake dola 2.56. Ni senti 256, namba ambayo watu wa kompyuta wanaipenda. Alikuwa akiandika cheki kwa mkono wake na kuituma. Wengi hawakuipeleka benki. Waliiweka kwenye fremu ukutani.

Mwaka 2008 Knuth aliacha kutuma cheki za benki ya kweli, kwa sababu namba ya akaunti iliyoandikwa juu yake ilikuwa inaweza kutumiwa na wezi. Lakini hakuacha ahadi. Alianza kutoa hati za «benki» ya kubuni, Benki ya San Serriffe, zikiwa na jina la mpokeaji na kiasi anachostahili. Hakungoja watu walalamike. Alieleza sababu hadharani, na akaweka kitu kingine mahali pake.

MAMBO YA KUANGALIA

Kabla ya kuingia:

Soma kanuni zote, si tangazo tu. Tafuta kama nchi yako imeruhusiwa, umri unaotakiwa, na nani anamiliki programu utakayoandika. Kuna mashindano yanayochukua kazi ya kila mshiriki, hata asiyeshinda.

Angalia tarehe ya kulipa. Kanuni nzuri inasema zawadi itatolewa ndani ya siku ngapi na kwa njia gani. Isiposema, uliza kwa maandishi kabla, na utunze jibu.

Tafuta washindi wa mwaka uliopita. Waulize kitu kimoja: ulipokea?

Usilipe chochote ili upokee. Mwandaaji wa kweli anakata gharama ndani ya zawadi. Anayedai utume dola hamsini kwanza «za kufungulia» zawadi ni mwizi, hata kama jina la kampuni ni kubwa. Ushuru wa duane unalipwa duane, kwa risiti, si kwa namba ya simu ya mtu.

Baada ya kushinda:

Piga picha ya orodha ya washindi siku ile ile, pamoja na tarehe. Kurasa zinafutwa.

Tumia anwani ya mahali panapojulikana, kama chuo, ofisi ama sanduku la posta la mtu unayemwamini, na uweke namba ya simu inayopatikana. Anayeishi karibu na mpaka anaweza kutumia ya ndugu wa upande wa pili, akiuliza kwanza kama kanuni zinakubali.

Omba namba ya kufuatilia. Ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi iliyotuma. Bila namba hiyo, neno «tumetuma» halina uzito.

Kama kifurushi hakiwezekani, pendekeza mwenyewe njia nyingine mapema. Baadhi ya waandaaji wanakubali kubadilisha nguo kuwa pesa ama kadi ya kununulia, lakini hawatafikiria kama hawakuulizwa.

Andika kwa adabu na kwa tarehe: ulishinda lini, uliahidiwa nini, ulijaza fomu lini. Kukiwa na washindi wengine wasiopokea, andikeni pamoja. Kama majibu hayaji, kusema hadharani ni haki yako, mradi useme kile tu unachoweza kuonyesha.

Waandaaji wa hapa nchini nao wana somo lao. Hakatoni zimekuwa nyingi katika miji yetu, na si vigumu kumkuta kijana aliyepigwa picha ameshika cheki kubwa ya karatasi ngumu bila pesa kufuata. Mwandaaji asiyekuwa na pesa mkononi afadhali atangaze shindano bila zawadi. Watu watakuja: Advent of Code, maswali ya kila mwezi wa kumi na mbili yaliyoanzishwa na Eric Wastl mwaka 2015, haina zawadi hata moja, na watu wa nchi nyingi wanaingia kila mwaka. Hawakuahidiwa kitu, basi hawana cha kudai. Lakini aliyetangaza dola mia tano mbele ya wanafunzi mia, akawapa usiku wa kazi na asubuhi ya ahadi, anadaiwa dola mia tano, hata kama mfadhili wake alikimbia.